Bustani ya Jeevanjee na Usalama wa Katikati ya Nairobi

Mji wa Nairobi haukuanza kwa bandari wala kwa msikiti, kama ilivyoanza miji ya pwani, bali ulianza kwa reli. Mwishoni mwa Mei 1899, mataruma yalipofika katika tambarare ya majimaji ambamo Wamaasai walikuwa wakinyweshea ng'ombe wao, wahandisi waliona kuwa hapo, kabla ya kuupanda mlima, ndipo pa kuweka bohari za vyuma, karakana na mahema ya vibarua. Na kwa kuwa walilolishughulikia lilikuwa gari-moshi wala si binadamu, hawakujiuliza sana kama ardhi ile iliyotuama maji ilifaa kukaliwa na maelfu ya watu. Karibu na stesheni likazuka soko la Wahindi, safu za vibanda vya mabati na mbao vilivyobanana, lisilo na mifereji ya kutosha wala vyoo vya kutosha, na mwaka 1902 tauni ilipoingia humo, dawa ambayo watawala waliiona kuwa karibu ilikuwa kiberiti. Soko zima likatiwa moto.

Nimelitaja tendo lile mwanzo kwa kuwa lilikuwa mfano wa sheria ya kwanza ya mji ule, ijapokuwa haikuandikwa katika daftari lolote: kwamba katikati ya mji ikidhaniwa kuwa na hatari, kwanza huondolewa watu, na mahali penyewe hufikiriwa baadaye. Moto, kipande, ua wa waya, virungu vya askari, vyote vimejaribiwa humo kwa zamu, na kila kimoja kimeleta utulivu wa kitambo kisha kikahitaji chenziwe. Lakini katika kitovu hicho hicho, baina ya barabara ya Moi na mtaa wa Muindi Mbingu, kipo kiwanja cha miti na viti ambacho kilianza kwa nia nyingine, nacho kimeishi zaidi ya miaka 100 katikati ya ardhi ambayo kila futi yake ina mnunuzi.

Mwenye kiwanja hicho alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, na ambaye kampuni yake ilipewa kazi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi waje kujenga reli. Alikuwa mtu wa mambo mengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha gazeti Mombasa, ambalo baadaye aliliuza, na ambalo uzao wake ungali ukisomwa Kenya hata leo. Akajenga soko Nairobi likaitwa kwa jina lake. Na mwaka 1909 akateuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Pamoja na mali yote hiyo na cheo hicho, alikuwa raia wa daraja la pili katika nchi aliyosaidia kuijenga, kwa maana serikali iliyomkaribisha barazani ndiyo iliyowafungia Wahindi mlango wa kumiliki mashamba katika nyanda za juu, na jambo hilo alilinung'unikia kwa kauli na kwa kalamu, hapa na hata Uingereza, bila ya kuchoka.

Mtu huyu, mwaka 1906, alitoa kiwanja chake cha takriban ekari tano kuwa bustani ya watu wa Nairobi, akasimamisha ndani yake sanamu ndogo ya Malkia Victoria, na aliyeifunua sanamu hiyo alikuwa Duke of Connaught, mwana wa malkia mwenyewe. Wako wanaoicheka sanamu ile na kuiona kuwa alama ya unyenyekevu uliopita kiasi. Mimi sioni hivyo, au tuseme sioni hivyo tu. Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara aliyejua vizuri jinsi maafisa wa mji walivyokuwa wepesi wa kubomoa na kuhamisha. Alikuwa ameliona soko la ndugu zake likiwa majivu. Na mtu wa namna hiyo anapoweka sura ya malkia katikati ya kiwanja cha umma, kisha akaalika mwana wa malkia aje kushuhudia, amekiwekea kiwanja hicho bawabu ambaye hakuna afisa wa zama zile angethubutu kumsukuma. Kilichotolewa kilikuwa na sura ya wakfu: mali imetoka mkononi mwa mtu mmoja, haikuingia mkononi mwa mwingine, na manufaa yake ni ya yeyote apitaye.

Neno "yeyote", lakini, lilikuwa na mipaka mirefu katika Nairobi ya siku zile. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika barabara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na jina la aliyemwajiri, na kipande hicho kilikaa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa uzi, hata mtu akitembea huku kikimgonga kifuani. Mtu alitoka Pumwani au Pangani, akavuka mto, akaingia mjini kufanya kazi, na jua likitua alitazamiwa awe amekwisha rudi alikotoka. Barabara pana za katikati, ambazo zilipimwa, kama isemwavyo, ili gari la kukokotwa na jozi nyingi za maksai lipate kugeuka, hazikupimwa kwa ajili ya mtembeaji huyo. Utulivu ulikuwapo, sikatai. Ulikuwa utulivu wa nyumba ambayo wenyeji wake wengi wamewekwa nje ya ua. Na ulipojaribiwa ulivunjika mara moja: tarehe 16 Machi 1922 umati ulipokusanyika kwenye kituo cha polisi kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatahayarisha wanaume waliokuwa wakisitasita, bunduki zilifyatuliwa pale pale karibu na Hoteli ya Norfolk. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, siku ya 24 Aprili, mji wote ulizingirwa na maelfu ya wanajeshi na polisi, watu wakachujwa mtaa kwa mtaa, na makumi ya maelfu wakapelekwa vizuizini. Sidhani kuwa lilipata kuwako jaribio kubwa kuliko hilo la kuusafisha mji kwa kuwaondoa watu wake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, sanamu ya Lord Delamere iliondolewa katika barabara iliyokuwa na jina lake, nayo barabara ikapewa jina la Kenyatta. Mtaa wa Bazaar ukawa mtaa wa Biashara. Na mwaka 1969 ikafunguliwa Uhuru Park, ambako kwa mara ya kwanza mtu wa Eastlands aliweza kuketi kwenye nyasi na familia yake siku ya Jumapili, akitazama majumba ya mji kwa mbali kana kwamba yeye pia ana hisa ndani yake. Malkia wa Jeevanjee hakuguswa. Labda alikuwa mdogo mno hata akasahauliwa, au labda watu walikuwa wamekwisha mzoea, wakimwegemea mgongo kusoma magazeti.

Hatari iliyofuata ilikuja kutoka upande ambao wengi hawakuutazamia. Mwaka 1989 chama kilichotawala kilikusudia kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60, na Profesa Wangari Maathai alipoandika barua kwenda kila mahali kulipinga, alitukanwa bungeni, akadhihakiwa kuwa mwanamke asiyejua mipaka yake. Hakunyamaza, wenye fedha wakaingiwa na wasiwasi, na hatimaye jumba halikujengwa. Miaka miwili baadaye, mnamo 1991, ikasikika kuwa Bustani ya Jeevanjee nayo itageuzwa kuwa jengo la kuegeshea magari, pamoja na maduka. Wakati huo Nairobi haikuwa na madiwani, kwani baraza la mji lilivunjwa mwaka 1983 na mji ukakabidhiwa tume iliyoteuliwa, na tume haichaguliwi wala haiogopi kura. Aliyesimama kuitetea bustani alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuijibu: babu yake aliwapa watu mahali pa kupumzikia, hakuipa ofisi yoyote kiwanja cha biashara. Watu wa kila rangi wakaiunga mkono, magazeti yakaandika, na mpango ukafa. Yeye, akiisha kuanza kuchimbua habari za babu yake kwa ajili ya mashindano hayo, akaendelea mpaka akamwandikia kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1997.

Ni haki kusema pia kwamba bustani iliyookolewa haikuwa pepo. Miaka ile ya tisini ndiyo iliyoupatia mji sifa mbaya ya unyang'anyi. Taa nyingi za barabarani zilikuwa zimekufa, na mtu mwenye akili aliondoka katikati ya mji kabla ya magharibi, akivua saa ya mkononi na kuitia mfukoni kabla hajaingia kichochoroni. Ukitaka kuujua usalama wa mji wakati ule ulikuwa wa namna gani, usiulize habari za benki, uliza habari za vyoo vya umma. Vyoo vilivyojengwa na baraza zamani vilikuwa vimekatwa maji, milango imeng'olewa, na ndani yake wakaishi watoto wa mitaani na watu waliowanyang'anya wapita njia. Mama aliyetoka Kangemi kuja kununua sare za shule alishinda mjini kutwa nzima bila ya mahali pa kujisitiri. Wafanyabiashara waliunda jumuiya yao ya katikati ya mji mwaka 1997, na baadhi ya vyoo vile vikatengenezwa, vikapigwa rangi, akawekwa mtu mlangoni na kopo la sarafu na karatasi iliyokatwa vipande. Vilipozidi kuenea, ada ya shilingi tano ikawa jambo la kawaida. Waama, yule mtu aliyeketi mlangoni na kopo lake alifanya kazi ambayo doria za polisi hazikuifanya: alikuwa hapo saa zote, aliwajua wapitao, na riziki yake ilitegemea watu wasiogope kupita.

Taa nazo zikarudi, nyingi zikilipiwa kwa matangazo ya biashara yaliyofungwa kwenye nguzo zake, na mitaa iliyokuwa mapango ikapata watembeaji hata baada ya saa mbili za usiku. Lakini ile sheria ya zamani haikufutika. Mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998, ulioua watu zaidi ya 200 kwenye pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie, uliacha mahali pake bustani ya kumbukumbu yenye ukuta wa majina, ambayo mtu huiingia kwa kulipa, na ukaacha katika kila mlango wa jengo kubwa askari wa kampuni mwenye kifaa cha kupitisha juu ya mikoba. Machinga wakahamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena. Mwaka 2008 likafunguliwa soko la Muthurwa ili wakae huko, na wengi wao, wakiona kuwa mnunuzi hawafuati mpaka Muthurwa, wakarejea kwenye baraza za maduka, mmoja akiuza huku mwenzake akiangalia pembeni kama gari la kanjo, yaani askari wa jiji, linakuja.

Ukiingia Jeevanjee leo adhuhuri, utaona mambo ambayo hayakupangwa na mhandisi yeyote. Wafanyakazi wa ofisi wamelala kwenye nyasi, viatu vimewekwa chini ya kichwa, kwa staha na kwa hadhari pia. Mhubiri anapaza sauti kwa kipaza sauti kilichochoka betri, hatua 20 tu kutoka kwa mhubiri mwenziwe. Mpiga picha, ambaye simu za mkononi zimemnyang'anya nusu ya wateja, anawaita vijana waliovaa vizuri. Na chini ya mti wamekusanyika wale wajiitao Bunge la Mwananchi, wakijadili bei ya unga, katiba na wizi wa fedha za umma, wakimpa kila msemaji nafasi na kumzomea akirudia maneno. Wamefukuzwa na kukamatwa mara nyingi kwa kuwa mkutano wao hauna kibali, na kila mara wamerudi. Mtu anayenyang'anya hapendi kufanya kazi yake mbele ya watu 60 wanaobishana, maana wabishi hao wanakumbuka nyuso.

Mwaka 2015 usiku mmoja watu wasiojulikana walimkata kichwa Malkia Victoria. Bawabu aliyewekwa na Jeevanjee akawa amemaliza zamu yake, na bustani ikaendelea kujaa siku iliyofuata kama kawaida. Mji wenyewe, tangu bustani ile ifunguliwe, umetawaliwa na kamati, na manispaa, na baraza la jiji lililopewa hati mwaka 1950, na tume, na baraza tena, na kaunti tangu 2013, na kati ya 2020 na 2022 shughuli zake kubwa zikashikwa na idara iliyoongozwa na jenerali wa jeshi. Kila mmoja wao alikuja na sare yake, na kila mmoja aliahidi kuweka usalama katikati ya mji. Mada hiyo ingali mezani chini ya mti, na bado hawajapiga kura.