Umbo la bomba la moshi lachangia kelele za pikipiki
Pikipiki zipitazo baina ya Ruiru na Thika hutofautiana kwa kelele hata zikiwa na injini za aina moja. Tofauti hiyo mara nyingi hutokana na umbo la bomba la kutolea moshi.

Injini ya silinda moja ya mipigo minne, izungukapo mara 6,000 kwa dakika, hufyatua gesi mara 50 kila sekunde. Vyumba na vitundu vya sailensa hupunguza kishindo chake. Bomba tupu lililonyooka hukiachilia chote.

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 hukataza magari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida. Kelele kali za muda mrefu huharibu usikivu daima, na aliye karibu zaidi na mdomo wa bomba ni abiria.