Nyama Ngumu, Moto Mdogo: Historia ya Mapishi ya Nyama katika Bonde la Bugarama, Mpakani Ruhwa

1.0 Utangulizi

Historia ya chakula nchini Rwanda imeandikwa zaidi kama historia ya maziwa. Ng'ombe alikuwa mali, heshima na kiungo cha mahusiano ya ubuhake kabla ya kuwa kitoweo, na aliyechinjwa mara nyingi alikuwa fahali wa ziada au jike mzee aliyekoma kuzaa. Nyama ya kondoo ilikuwa mwiko kwa wengi. Kwa sababu hiyo, anayeuliza namna nyama ilivyolainishwa majumbani hukuta maandishi machache mno. Makala hii inalitazama swali hilo kutokea Ruhwa, kituo cha mpakani kilichopewa jina la mto unaotenganisha Rwanda na Burundi, katika bonde la Bugarama, Wilaya ya Rusizi. Tunadai kwamba ulaini wa nyama si suala la ladha pekee. Ni suala la umri wa mnyama, muda na nishati, na kwa hiyo linamhusu mtunga sera kama linavyomhusu mpishi.

2.0 Ushahidi wa msamiati

Pale nyaraka zinapokosekana, lugha husaidia. Katika Kinyarwanda, maneno ya mnyama na mauti yake ni ya asili: inyama, kubaga, inkono kwa maana ya chungu. Lakini sufuria ni isafuriya, kitunguu ni igitunguru, na mchele ni umuceri. Yote haya yamepita katika Kiswahili. Mshikaki nao unaitwa burusheti, neno la Kifaransa lililovaa sauti za Kinyarwanda. Jiko moja, basi, lina tabaka tatu za historia.

Tabaka la kati lilifika kwa njia inayojulikana. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shangi, katika eneo la Cyangugu, mwaka 1898, na pamoja nao walikuja askari, wapagazi na wachuuzi waliozungumza Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, Kigali, ulijengwa mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji, jamii hizo ziliwekwa katika mitaa ya Waswahili, ambako uchuuzi, udereva na uchinjaji vilikuwa kazi za kawaida. Ruhwa wakati huo haukuwa mpaka wa dola mbili, kwa kuwa Ruanda-Urundi ilitawaliwa pamoja hadi tarehe 1 Julai 1962. Mapishi yalivuka mto kabla mto haujadai pasipoti.

Tahadhari inahitajika hapa. Neno la mkopo halithibitishi kwamba ujuzi wenyewe ulikopwa. Chungu cha udongo, kazi ya mikono ya wafinyanzi wa Kitwa, kilikuwapo kabla ya sufuria, na kwa nyama ngumu kilikuwa chombo bora zaidi: hupata moto taratibu na huupoteza taratibu. Sufuria ya alumini huchemka haraka na kupoa haraka, hivyo humlazimisha mpishi kuuangalia moto kila mara. Kilichoitwa maendeleo ya vyombo kiliongeza kazi ya mpishi, jambo ambalo wanahistoria wa teknolojia wangefaa kulitilia maanani.

3.0 Moto na umri wa mnyama

Bonde la Bugarama ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa za Rwanda, takribani mita 950 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka hapo kwenye nyuzijoto 97 hivi, na Kigali, penye mita 1,500, kwenye 95. Tofauti hiyo si kikwazo kwa nyama. Kolajeni, yaani utando mgumu unaofunga misuli, huanza kugeuka jelatini kuanzia nyuzijoto 70 hivi, mradi ipewe saa kadhaa. Misuli yenyewe hujikaza na kukamua maji yake joto linapozidi 60. Mpishi anayechochea kuni ili shingo ya ng'ombe mzee iive upesi hupata nyama kavu na ngumu kwa pamoja. Anayeacha mchuzi utokote polepole huipata laini. Kuku wa kienyeji aliyezeeka hufuata kanuni hiyohiyo. Mbuzi mchanga ni kinyume chake: kolajeni yake ni changa, mafuta yake ni machache, na kila dakika ya ziada juu ya makaa humkausha. Justus von Liebig alidai mwaka 1847 kwamba joto kali la mwanzo hufungia maji ndani ya nyama. Dai hilo limekanushwa na vipimo vya baadaye, ingawa wachoma mishikaki wengi bado wanaliamini.

Njia ya papai bichi ni ya aina nyingine. Mti huo ulitoka Amerika, na utomvu wake una kimeng'enya cha papaini, ambacho Kivu Kaskazini imekiuza nje kwa miongo mingi. Vipande vichache kwa nusu saa vinatosha. Vikizidi, nyama huwa uji juu na hubaki ngumu ndani.

4.0 Kutoka jikoni hadi sera

Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, umezigawia kaya maskini ng'ombe kwa ajili ya maziwa. Ng'ombe wa maziwa hufika buchani akiwa mzee. Nyama yake kwa kawaida huuzwa siku ileile ya kuchinjwa, wakati misuli imekakamaa, ilhali siku chache katika ubaridi zingeilegeza bila kuni wala makaa. Katika joto la Bugarama, bila chumba cha baridi, kungoja ni kuoza. Gharama hiyo humwangukia mpishi. Mjadala wa kuachana na makaa humpimia mtungi wa gesi kwa chai na mboga, na mwenye gesi bado huwasha imbabura siku ya nyama na siku ya maharage. Tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, soko la Bugarama limepoteza pia njia halali ya ng'ambo ya mto. Chumba kimoja cha baridi kando ya machinjio kingeweza kupunguza makaa katika majiko ya bonde hilo.