Baiskeli saidizi na haki ya kwenda utakako

Kwenye vilima vya Songambele, wilayani Kyerwa, baiskeli hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, hata mgonjwa anayewahishwa zahanati. Lakini aliyeiunda alimfikiria mtu mwenye miguu miwili na macho yanayoona. Asiye na hivyo hubebwa, au hubaki nyumbani.

Kiingereza kina istilahi adaptive cycling: kuendesha baiskeli iliyoundwa au kubadilishwa ilingane na mwili wa mwendeshaji. Tunayoizoea ni ya magurudumu matatu, ya kunyonga kwa mikono. Pedeli zimepandishwa hadi usawa wa kifua, mnyororo unashuka kwenye gurudumu la mbele, na mpini uleule unaonyongwa ndio unaokata kona. Mabega yanafanya kazi ya mapaja, hivyo kwenye mlima isiyo na gia humshinda hata mwenye nguvu asipopata msukumaji. Tena kijia cha katikati ya migomba hakipitishi upana wa magurudumu yake ya nyuma. Ipo pia ya watu wawili, anayeona akikaa mbele na asiyeona nyuma, wote wakinyonga.

Wengi husema “baiskeli ya walemavu”. Jina hilo silikubali: kitimwendo nacho huitwa hivyohivyo, na linataja ulemavu likasahau safari. Napendekeza baiskeli saidizi, kwa kuwa vifaa saidizi tayari ni neno la hospitali na ofisi za ustawi wa jamii. Usaidizi wenyewe ni ule wa kitenzi kisaidizi, kinachofanya kazi bega kwa bega na kitenzi kikuu. Haufanani hata kidogo na chakula cha msaada.

Anayetaka ushahidi aangalie Goma, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wenye ulemavu wamevuka mpaka kati ya mji huo na Gisenyi, Rwanda, kwa baiskeli za kunyonga kwa mikono zilizosheheni bidhaa, wakilisha familia zao. Januari 2025 waasi wa M23 walipoiteka Goma, mamia ya maelfu ya watu walihama tena, wengi wao kwa miguu. Asiyeweza kutembea, katika saa kama hiyo, uhai wake uko kwenye mnyororo na tairi.

Karagwe, jirani ya Kyerwa, inalijua jambo hili, maana mwaka 1994 ilipokea wakimbizi wa Rwanda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unagusa ulinzi wakati wa vita katika ibara ya 11 na uwezo wa mtu kujiendea mwenyewe katika ibara ya 20. Mwaka 2019 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2475 kuhusu watu wenye ulemavu vitani. Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda kokote nchini. Kwa hiyo orodha ya vifaa vya dharura isiyo na baiskeli saidizi, spoki, tyubu na mnyororo wa akiba haijakamilika, na wanaoiandaa waambiwe hivyo.