Kupima Dhiki ya Mgonjwa wa Saratani: Historia ya Swali na Lugha Yake, kwa Kutazama Makiso

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufuata kwa ufupi historia ya vipimo vya dhiki ya moyo kwa watu wanaougua saratani, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyouhusu mji wa Kisangani, hususan komini ya Makiso, ambako zimo kliniki za Chuo Kikuu. Hoja yetu ni kwamba kipimo cha dhiki hakifanani na mizani. Mizani haijali lugha ya anayepimwa. Kipimo cha dhiki ni swali, na swali haliwezi kuwa sahihi kuliko lugha lililoulizwa kwayo. Kwa sababu hiyo, jambo hili linaloonekana kuwa la madaktari na wanasaikolojia peke yao ni la wataalamu wa Kiswahili pia.

2. Vipimo vya kwanza katika Kongo

Yafaa ikumbukwe kwamba upimaji wa nafsi ya mtu katika Kongo haukuanzia kitandani mwa mgonjwa. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia André Ombredane, wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, alifanya utafiti wake katika koloni, na mwaka 1954 ikachapishwa kazi yake juu ya kipimo cha picha kilichoitwa Congo T.A.T. Katika migodi ya Katanga vipimo vya akili vilitumika kuchagua wafanyakazi. Aghalabu majibu ya aliyeulizwa yalimfaa zaidi mwajiri au mtawala kuliko yeye mwenyewe.

Baada ya uhuru, taaluma hiyo ilipata makao Kisangani. Chuo Kikuu Huru cha Kongo kilianzishwa mwaka 1963 katika mji ambao wakati huo ungali ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya saikolojia na elimu yakawekwa katika kampasi ya Kisangani. Mwaka 1981 kampasi hiyo ikawa Chuo Kikuu cha Kisangani. Basi mji huu si mgeni wa vipimo. Linalobaki kuulizwa ni vipimo hivyo vimtumikie nani.

3. Dhiki ya mgonjwa inapopewa namba

Kwa muda mrefu hospitali nyingi duniani zilichukulia huzuni ya mwenye saratani kuwa jambo la kawaida lisilohitaji tiba. Msimamo huo ulianza kutikisika mwaka 1977, daktari Jimmie Holland alipoanzisha huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering, New York. Mwaka 1983, Zigmond na Snaith wa Leeds, Uingereza, walitoa kipimo cha wasiwasi na sonono kwa wagonjwa wa hospitalini. Kina maswali 14: 7 ya wasiwasi na 7 ya sonono, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Waliepuka kwa makusudi kuuliza juu ya dalili za mwili, kwani mgonjwa anaweza kukosa nguvu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe bila ya moyo wake kuvunjika.

Mwaka 1998 Roth na wenzake, huko huko New York, walijaribu kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume chombo kifupi zaidi: mchoro wa kipimajoto wenye namba 0 hadi 10, ambapo mgonjwa huonyesha kiasi cha dhiki yake. Neno walilolichagua, lenye maana iliyo karibu na "dhiki", lilikusudiwa kuondoa aibu inayoambatana na majina ya magonjwa ya akili. Hata hao waliounda vipimo kwa lugha yao wenyewe, basi, walitambua kuwa uteuzi wa neno ni sehemu ya tiba.

4. Vipimo hivyo vinapovuka mipaka ya lugha

Ugumu huzidi maswali hayo yanapotafsiriwa. Mojawapo ya maswali ya mwaka 1983 huieleza hofu kwa mfano wa vipepeo waliomo tumboni. Kwa Kiingereza ni msemo wa kila siku. Ukitafsiriwa neno kwa neno, Mswahili ataona ajabu, naye mgonjwa wa saratani ya tumbo huenda akaogopa zaidi.

Jaribio lililo karibu zaidi na mada yetu lilifanyika Kenya. Mwaka 2006 Omoro na wenzake walichapisha tafsiri ya Kiswahili ya kipimo cha sonono kiitwacho PHQ-9, waliyoihakiki kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Kipimo hicho, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 2001, kina maswali 9 juu ya majuma mawili yaliyopita, na jumla ya alama ni 27. Tofauti na kile cha mwaka 1983, chenyewe huuliza pia juu ya usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mtu mwenye uvimbe kooni hali chakula kwa kuwa hawezi kumeza; alama yake itapanda, nayo haitatuambia kama ni koo au ni moyo.

Je, tafsiri ya Kenya itafaa Makiso kama ilivyo? Kiswahili kilifika katika maporomoko ya mto Kongo pamoja na misafara ya Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887. Tangu hapo kimeishi bega kwa bega na Kilingala na lugha za wenyeji, na msamiati wake wa kisasa umechotwa zaidi katika Kifaransa. Neno "sonono" linalopendwa na wanataaluma wa Afrika Mashariki halitarajiwi kueleweka na mama muuza samaki wa sokoni. Yeye atasema ana "mawazo mingi", na kwa maneno hayo mawili ataeleza usingizi uliopotea, ada za shule zisizolipwa na hofu ya kufa.

Zaidi ya hayo, swali la mwisho la PHQ-9 huuliza kama mtu amewaza kwamba ingekuwa heri afe. Mgonjwa wa Kisangani akijibu, "Mungu anichukue tu", amesema nini? Yaweza kuwa sala ya aliyechoka na maumivu, au dalili ya hatari inayotaka msaada siku hiyo hiyo. Muuguzi asiyeijua lugha kwa undani ataandika 0 au 3, na namba yoyote kati ya hizo yaweza kumdhuru mgonjwa.

Lingine ni kwamba mji huu umebeba majeraha mengine. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na mamia ya raia wakauawa. Mwenye saratani aliyewazika ndugu zake wakati huo ataonyesha namba ya juu, lakini namba hiyo haitaji chanzo chake.

5. Njia nyingine

Iko mifano ya kuanzia kwenye usemi wa wagonjwa badala ya tafsiri. Mwaka 1997, Zimbabwe, Patel na wenzake walitoa kipimo cha maswali 14 kilichojengwa juu ya misemo ya Kishona. Mwaka 2008 Kaaya na wenzake walichapisha kipimo cha maswali 19 kilichotungwa Tanzania. Nacho kipimo cha huduma shufaa cha Afrika, kilichoandaliwa na chama cha huduma hiyo barani, humwuliza mgonjwa maswali 7 na jamaa yake 3: kuhusu maumivu, wasiwasi, amani ya moyo, na kama amepata wa kumwambia yaliyomo moyoni. Hapa jamaa hawakusahauliwa, jambo linalolingana na hospitali zetu, ambamo ndugu ndio wapishi na walinzi wa mgonjwa.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba swali lililoanza kwa kumchagua mfanyakazi limekuja kuwa swali la kumsikiliza mgonjwa. Mageuzi hayo hayatakamilika Makiso hadi misemo ya wagonjwa wenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kilingala, ikusanywe, ichambuliwe na kujaribiwa. Kazi hiyo yaweza kuanza kwa wanafunzi wa lugha, wa saikolojia na wa utabibu kukaa pamoja wodini na kuandika maneno kama yanavyosemwa. Aidha, lisiulizwe swali pasipokuwa na mtu wa kulishughulikia jibu. Anayemwuliza mgonjwa kuhusu dhiki yake amekwisha kumwahidi jambo.