Goti la Penny

Mtaani kwetu tulikuwa na kanda moja tu ya mpira wa kikapu, tena imekwaruzika: fainali za NBA za mwaka 1995, Houston Rockets wakiipiga Orlando Magic mechi 4 kwa bila. Washikaji walimtazama Shaquille O'Neal. Mimi macho yangu yalikuwa kwa yule mwembamba wa namba 1, Anfernee Hardaway, au Penny.

Jina hilo lina kisa chake. Bibi yake, Louise, ndiye aliyemlea kule Memphis, na alikuwa akimwita "Pretty," yaani mzuri. Kwa lafudhi ya watu wa kusini, wenzake wakasikia "Penny." Likaganda.

Mwaka 1990, akiwa sekondari ya Treadwell, jarida la Parade lilimtaja mchezaji bora wa sekondari Marekani nzima. Ungedhani mambo yamejipa. Wapi! Alama zake za darasani hazikutosha, akakaa nje mwaka wake wa kwanza Chuo Kikuu cha Memphis State. Mwaka 1991 majambazi wakamvamia, risasi ikamvunja mifupa ya mguu. Akapona, akasoma, akacheza.

Mwaka 1993 Orlando walimchukua Chris Webber nafasi ya kwanza, halafu usiku uleule wakambadilisha na Penny. Mashabiki wao wenyewe walimzomea! Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha NBA, na mwaka 1996 tena, pamoja na dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta. Mtu wa sentimeta 201 anayeongoza mashambulizi kama kijibwana wa sentimeta 180, pasi zake zikitoka usipozitegemea.

Halafu goti la kushoto. Upasuaji mwishoni mwa 1997, mwingine mkubwa mwaka 2000. Msimu wa 2000-01 alicheza mechi 4 tu. Phoenix, New York, Miami, na mwezi Desemba 2007 basi tena.

Hapo ndipo tunapobishana mimi na mshikaji wangu mmoja. Yeye husema kipaji kile kiliharibika, habari imekwisha. Nami kwa miaka mingi nilikubali, na iliniuma, kwa kuwa na mimi niliacha kikapu kwa ajili ya goti, nikaanza kuandika kwa hasira tu.

Kumbe mwaka 2011 Penny alirudi mtaa wake wa Binghampton. Rafiki yake wa utotoni, Desmond Merriweather, alikuwa akifundisha timu ya shule ya Lester huku akiugua saratani, akahitaji mtu wa kumshikia timu. Fikiria: nyota wa Olimpiki anafundisha watoto wa miaka 13, waliozaliwa goti lake likiwa limeshapasuliwa! Desmond alifariki mwaka 2015. Penny hakuondoka. Akaenda sekondari ya East, ubingwa wa jimbo la Tennessee 2016, 2017 na 2018. Machi 2018 akapewa ukocha wa chuo chake cha zamani, ambacho sasa kinaitwa University of Memphis.

Mwaka 2021 Memphis walichukua kombe la NIT. Nilimtumia mshikaji matokeo asubuhi.

Akajibu: "Safi. Lakini angekuwa na goti je?"