Lishe ya watoto Gongoni

Gongoni ni mji mdogo wa Magarini, Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Malindi kwenye barabara ya Garsen. Upande wa bahari kuna mashamba ya chumvi. Upande wa bara wakazi, wengi wao Wagiriama, hulima mahindi, muhogo na kunde kwa kutegemea mvua, na mvua ikikosekana, unga hununuliwa dukani.

Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 uliikuta Kilifi ikiongoza Kenya kwa udumavu: asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka 5, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 18. Watoto wa umri huo wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 3 tu kitaifa, lakini kwa wanawake wazima kiwango kilifika 45. Takwimu hizi huzoeleka kusomwa kila moja peke yake, ingawa chungu ni kimoja. Sima nyingi yenye kitoweo kidogo hushibisha bila kumpa mtoto protini, chuma na zinki za kutosha. Sarafu ya shule nayo huishia kwa mahamri, viazi karai na juisi ya paketi. Aliyedumaa utotoni huweza kunenepa baadaye kwa chakula hichohicho. Tena mtoto bonge husifiwa kuwa katunzwa, basi nani atampeleka kliniki?

Elimu ya lishe hupitia kwa wahudumu wa afya ya jamii, wanaopima mkono wa mtoto kwa utepe (chini ya sentimita 11.5 ni hatari) na kumshauri mama anyonyeshe miezi 6 bila kumpa mtoto kitu kingine, kisha aongeze vyakula laini. Shuleni lipo somo la Kilimo na Lishe. Mafunzo yenye maana ni yale yanayoanzia shambani: mboga za majani kama mtsunga, mnavu na kisamvu kwa tui, kunde ndani ya uji, dagaa wa kusaga. Kumwambia mama wa kibarua cha chumvi anunue tufaha ni kumpotezea wakati.

Lakini ushauri haujazi sufuria, na mengine hufanywa na sheria. Chumvi ya mezani hutiwa madini joto kwa lazima tangu 1978. Unga wa viwandani nao, tangu 2012, sharti uongezwe vitamini na madini; ule wa kusagisha kwenye kinu cha mtaani, anaoutegemea maskini, kwa kawaida hauongezwi chochote.