Sungura Akigoma Kula: Historia ya Mnyama Ambaye Hakuna Aliyemuuliza Anaumwa Wapi

Saa nne usiku. Dada mmoja wa mjini karudi kutoka kazini, kavua viatu, kaenda kumfungulia sungura wake. Siku zote akisikia mlango tu, sungura anakuja mbio mpaka miguuni. Leo kajikunyata kwenye kona. Kipande cha karoti kipo vilevile. Mchicha wa asubuhi umenyauka. Dada anajisemea, labda kanuna, kesho atakula.

Kesho asubuhi anamkuta amelala ubavu, wa baridi.

Hakumtesa wala kumnyima chakula. Alimpenda kweli. Kilichomuondoa sungura ni lile neno dogo, "kesho". Stori hii imejirudia kwenye nyumba nyingi duniani, na wahusika wake hawana majina makubwa. Lakini nyuma yake kuna historia ndefu inayoeleza kwa nini mtu anaweza kumpenda sungura na bado asijue kwamba kutokula kwake ni dharura.

Huyu siye yule wa hadithi

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Yule Sungura mjanja wa hadithi za bibi, anayemzunguka Simba na kumfanya Fisi aonekane bwege, ni mnyama wa porini wa kwetu Afrika. Ana miguu mirefu, anaishi juu ya ardhi, na hajawahi kufugwa. Kiswahili kimewapa wote jina moja, ila huyu wa kwenye banda ni wa ukoo mwingine. Asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na porini anaishi kwenye mashimo.

Tofauti hiyo ina maana. Wa hadithi hachoki wala haugui, na siku zote ana mpango. Huyu wa nyumbani ni windo. Kila mnyama mwenye meno anamtaka. Akionyesha kwamba anaumwa, ndiye wa kwanza kukamatwa. Kwa hiyo kazaliwa na tabia ya kuficha maumivu. Halii, halalamiki, anatulia tu. Binadamu anaona utulivu, kumbe ndani moto unawaka.

Karne nyingi kwenye sufuria

Warumi wa kale walikuwa na maeneo yenye uzio ya kuweka sungura, kwa ajili ya nyama. Kuna stori maarufu kwamba mwaka 600 Papa alitangaza vitoto vya sungura kuwa sawa na samaki, ili watawa wavile wakati wa Kwaresma, na hapo ndipo ufugaji ukaanza. Imesambaa vitabuni na mitandaoni kwa miaka kibao. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia chanzo chake wakakuta ni mkanganyiko wa majina na nyaraka. Hakuna tangazo kama hilo. Sungura alizoea watu polepole, karne baada ya karne, wengi wakimtazama kwa jicho la mpishi.

Sasa fikiria. Mnyama wa nyama akiacha kula, mwenye naye anafanya nini? Anamchinja mapema kabla hajakonda. Hakuna sababu ya kukesha naye wala kumwita daktari. Ndiyo maana maarifa ya kumtibu sungura yalichelewa sana ukilinganisha na ya farasi au ng'ombe. Farasi akifa ni hasara kubwa. Sungura akifa, wapo wengine kumi bandani.

Hata wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyama ilipokuwa ya mgao Uingereza, familia nyingi zilifuga sungura uani. Watoto waliwapa majina, wakawabeba, wakacheza nao. Halafu Jumapili ikafika.

Peter na baba yake aliyeishia kwenye pai

Katikati ya hayo yote akatokea Beatrix Potter, binti wa London aliyependa kuchora. Alifuga sungura ndani ya nyumba. Mmoja alimtembeza kwa kamba kama mbwa, na sungura huyo alipenda mkate wa moto wenye siagi. Mwaka 1893 Potter alimwandikia barua mtoto mmoja aliyekuwa mgonjwa, akamchorea kisa cha sungura anayeitwa Peter. Mwaka 1901 akachapisha kitabu hicho mwenyewe, nakala 250. Mwaka 1902 kampuni ikakichukua, na mwaka uliofuata akasajili mwanasesere wa Peter.

Ukikisoma leo utaona kitu cha ajabu. Baba yake Peter alipikwa pai na mke wa mwenye bustani, na hilo linasemwa mwanzoni kabisa bila kupepesa macho. Peter mwenyewe anakula kupita kiasi, tumbo linamuuma, na jioni mama yake anamlaza na kumpa chai ya maua. Kitabu kimoja kina sungura wa sufuriani na sungura wa kuuguzwa kitandani. Hapo ndipo watu walipokuwa wamefika, nusu wanamla, nusu wanampenda.

Ila kupenda ni kitu kimoja na kujua ni kingine. Mkate wenye siagi ulikuwa upendo, lakini tumbo la sungura halikuumbwa kwa mkate. Na karoti? Bugs Bunny alianza kuitafuna kwenye sinema mwaka 1940, na dunia nzima ikaamini hicho ndicho chakula chake. Karoti ina sukari nyingi. Kwa sungura ni kama pipi, apewe kipande kidogo mara mojamoja.

Kinachoendelea tumboni

Mwaka 1882 daktari wa mifugo Mfaransa aitwaye Morot alieleza jambo ambalo wengi wangeliona uchafu: sungura anakula baadhi ya kinyesi chake mwenyewe. Jambo hilo halikusikika sana mpaka lilipoandikwa upya mwaka 1939. Sungura anatoa kinyesi cha aina mbili. Kuna kile kikavu cha mviringo ambacho kila mfugaji anakijua, na kuna kile laini, chenye virutubisho, ambacho anakichukua moja kwa moja mwilini na kukimeza. Chakula chake kinapita mara mbili.

Mashine hiyo inatakiwa itembee muda wote, na kinachoisukuma ni nyuzinyuzi za majani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya chakula chake inatakiwa iwe nyasi kavu, zile ambazo wafugaji wanaziita hei. Zikipungua, utumbo unapunguza mwendo. Maji yanapungua, bakteria wabaya wanaongezeka, gesi inajaa, tumbo linauma. Likiuma, sungura hali. Asipokula, utumbo unasimama kabisa. Hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna njia ya kupumua upande wa juu. Na ini nalo linaanza kuharibika kwa kukosa chakula. Yote hayo yanaweza kutokea ndani ya siku moja au mbili.

Kosa la donge la manyoya

Kwa miaka mingi madaktari na wafugaji walilaumu manyoya. Sungura anajilamba kama paka. Akifa na tumbo likipasuliwa, linakutwa donge la manyoya. Basi kesi imefungwa, muuaji ni manyoya. Watu wakaambiwa wampe juisi ya nanasi, vidonge vya papai, na mafuta ya kulainisha kama ya paka. Wengine walipasuliwa, na upasuaji wa tumbo kwa sungura ni hatari kubwa.

Baadaye ikaonekana kwamba hata sungura mzima ana manyoya tumboni. Yanapita tu pamoja na chakula. Yanakuwa donge pale utumbo unapokuwa tayari umesimama na maji yamekauka. Yaani manyoya yalikuwa matokeo, siyo chanzo. Na vimeng'enya vya nanasi na papai haviyeyushi manyoya. Kama juisi iliwahi kumsaidia yeyote, huenda ni yale maji yaliyokuwa ndani yake.

Chanzo chenyewe mara nyingi ni kitu kingine: jino la nyuma limeota vibaya na linachoma ulimi, nyasi hazitoshi, chakula kimebadilishwa ghafla, joto kali, kuhamishwa nyumba, au mwenzake amekufa. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Kutokula kwenyewe siyo jina la ugonjwa, ni dalili kwamba kuna mahali panauma.

Alipoingia sebuleni

Mwaka 1985 Mmarekani Marinell Harriman alitoa kitabu cha kuishi na sungura ndani ya nyumba mjini, na mwaka 1988 ikaanzishwa House Rabbit Society huko California. Hapo kitu kikabadilika. Sungura wa bandani uani anaweza kukaa siku mbili bila kula na asigundulike. Sungura anayelala pembeni ya kochi anaonekana. Mtu anajua alikula saa ngapi, alijisaidia lini, na leo hakuja mlangoni.

Mwaka 2012 watafiti wakachapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa sungura: macho yanafumba, mashavu yanabonyea, pua inabadilika umbo, ndevu zinakakamaa, masikio yanarudi nyuma. Kumbe muda wote alikuwa anasema. Hakukuwa na wa kumsoma.

Usiku huohuo

Historia yote hii inamfikisha mfugaji kwenye saa nne usiku pale kwenye kona. Sungura asipokula wala kujisaidia kwa saa 12, hiyo ni dharura. Akiwa anasaga meno kwa sauti, amejikunja, au masikio ni ya baridi, hata hizo saa 12 zisisubiriwe.

Anatafutwa daktari wa mifugo, na aulizwe wazi kama amewahi kutibu sungura, maana wengi wamezoea ng'ombe, kuku, mbwa na paka. Kazi kubwa ya daktari ni kutuliza maumivu, kumwongezea maji na kutafuta chanzo. Wakati wa kusubiri, awekwe mahali tulivu. Kama mwili ni wa baridi, apate chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Apewe maji na majani mabichi yaliyolowa, kama giligilani.

Tumbo liguswe taratibu. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, asilishwe kwa nguvu, huenda njia imeziba, apelekwe haraka. Likiwa laini, na daktari akikubali, chakula chake cha punje kinalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, kinapondwa, na kinapitishwa kidogokidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akae wima. Asilazwe chali kama kwenye zile video za mitandaoni, kule kutulia ni woga. Na asipewe dawa za binadamu zilizobaki kabatini. Amoxicillin ya kumeza, ambayo nyumba nyingi inakuwepo, inaua bakteria wazuri wa tumbo lake na inaweza kumuua yeye.

Turudi kwa yule dada. Alifuga mwingine baada ya miezi kadhaa. Siku hizi akirudi kazini, kabla hajavua viatu, anaangalia vitu viwili: nyasi zimepungua kiasi gani, na kinyesi kipo kiasi gani. Usiku mmoja vyote viwili havikuwa sawa. Hakusema kesho. Alimbeba kwenye kikapu, akaita bodaboda, akaenda.

Sungura alikuwa na jino baya. Siku mbili baadaye alianza kutafuna nyasi mwenyewe, taratibu, saa nane usiku, na dada aliamka kwa ile sauti.

Wadau mnaofuga, wa kwenu alishawahi kugoma kula? Mlijuaje kwamba hali si nzuri?